Umefungua duka katikati ya kijiwe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 38, naishi Ngamiani, Tanga, nina watoto watatu. Nauza madera na vitenge. Fremu sina, duka langu ni simu: Instagram na stetasi za WhatsApp. Mwezi mzuri nauza hadi madera arobaini. Lakini simu hiyohiyo imenitia hasara. Mwezi uliopita nilituma shilingi 180,000 kwa mtu niliyemwona Instagram akijitangaza kuwa anauza jumla Kariakoo. Mzigo haukuja, na akanibloku. Usiku nashika simu kujibu wateja, nakuja kushtuka ni saa saba. Binti yangu wa kidato cha pili naye ameanza kulia, eti yeye ni mbaya kuliko wasichana anaowaona TikTok. Mume wangu anasema nifute vyote, nikauze sokoni kama watu wengine. Je, hii mitandao ina faida kuliko hasara, au mume wangu ana haki? Nimekuwekea na picha ya dera moja uone kwamba kazi yangu si ya mchezo.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Dera nimeliona, lile la kijani lenye nakshi za korosho, na mshono wa shingo umenyooka. Kazi si ya mchezo kweli.

Mumeo nitamrudia. Kwanza nianze na hilo swali la faida na hasara. Wanafunzi wangu wanalipenda kwa sababu linajibika kwa safu mbili kwenye karatasi: huku faida, huku hasara, jumlisha, toa, umemaliza. Maisha yako hayana safu mbili. Dera lililouzwa saa tatu usiku na usingizi uliopotea hadi saa saba vimetoka kwenye simu moja, tena kwa kidole kilekile.

Swali ninalolitumia mimi ni fupi: nani kamfuata mwenzake? Mteja wa Korogwe alipouliza kama dera la mikono mirefu lipo, ukafungua simu ukamjibu, wewe ndiye uliyeiendea simu. Ulikuwa na shida yako, ukaimaliza. Baada ya hapo ukasema ngoja nichungulie kidogo. Ikaja video ya mtu anakaanga samaki, ikaja ya mke kamfumania mume, ikaja ya mbunge, ikaja ya mtoto anacheza singeli, na wewe hukuitafuta hata moja. Hapo simu ndiyo iliyokufuata. Faida karibu zote ninazozijua za mitandao ziko upande ule wa kwanza, na hasara nyingi ziko upande huu wa pili. Shida yako ni kwamba umefungua duka katikati ya kijiwe. Kila ukienda kumhudumia mteja lazima uwapite wapiga soga, na wapiga soga hawa wana kazi moja tu, kukukalisha.

Nasema wana kazi, na simaanishi mafumbo. Kampuni hizi zinaishi kwa matangazo, na tangazo linataka jicho lililokaa. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na pale kwenye kubonyeza ndipo mtu alipokumbuka kwamba ana mchele jikoni. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe bila kukoma. Alitaka kumrahisishia mtumiaji. Baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2016 Instagram nayo ikaanza kuacha kupanga picha kwa kufuata muda zilipowekwa, ikawa inakisia kitakachokushika na kukiweka mbele. Umeziona zile mashine za kamari za sarafu zilizojaa vibandani? Kijana anatumbukiza mia mbili, hola. Nyingine, hola. Ya nane inamwagika. Ingemwagika kila mara angeizoea, isingemwagika kabisa angeondoka zake; kinachomganda ni kutojua lini. Video tisa za kipuuzi na moja ya kukuvunja mbavu ni mashine ileile, ila hii inakula usiku wako badala ya sarafu. Kwa hiyo usijilaumu sana kwamba huna nidhamu. Upande wa pili wa kioo kuna wahandisi wanaolipwa vizuri ili wewe usiweke simu chini.

Sasa mumeo. Ana haki nusu. Mwaka 2018, kuelekea uchaguzi wa bunge la Marekani, wachumi akiwemo Hunt Allcott waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne, wakawalinganisha na wenzao walioendelea kama kawaida. Waliofunga walipata kama saa nzima ya ziada kwa siku. Sehemu ya saa hiyo iliishia kwenye televisheni, sehemu kwa ndugu na marafiki. Walijisikia nafuu kidogo, nami nasisitiza kidogo, maana kuna watu wanahubiri kufuta akaunti kama vile mtu atazaliwa upya. Walijua habari za nchi yao kwa uchache kuliko wenzao. Na wiki nne zilipokwisha, wengi hawakurudia kasi ya mwanzo. Hiyo ndiyo nusu ya mumeo.

Nusu nyingine ni yako: katika wale watu hakuna aliyeombwa kufunga duka. Kwa mtu wa mshahara, kufuta Instagram ni kujinyima soga. Kwako wewe ni kurudisha fremu kwa mwenye nyumba. Na huko sokoni anakokutuma kuna pango, kuna ushuru, kuna jua, halafu mteja wa Korogwe hapiti. Usibishane naye kwa maneno. Nunua kaunta buku. Kwa mwezi mmoja kila oda iandike: dera gani, faida kiasi gani, mteja alitokea wapi, stetasi, Instagram au kwa kuambiwa na mtu. Mwisho wa mwezi mkae naye mlisome. Tena muulize, kwa upole, yeye yumo kwenye makundi mangapi ya Simba na Yanga.

Mimi ni wa kizazi kilichosubiri matangazo ya vifo redioni. Ndugu anafariki Dar, nyinyi mko shamba, na kama betri zilikuwa zimeisha siku ile mnakuja kufika siku ya arobaini. Mwaka juzi mjomba wetu alifariki Pangani alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi, kundi la ukoo lilikuwa limeshachanga sanda, usafiri na mchele, na dada yetu aliyeko Muscat alikuwa ametuma fungu lake pamoja na dua aliyoisoma kwa sauti, tukaisikia sote tukiwa tumekaa mkekani. Mtu akiniambia mitandao imeua undugu, namuuliza huo undugu anaousema ulikuwa unapita njia gani ya haraka kuliko hii.

Ila kundi hilohilo nililichafua mwenyewe, msomi mzima. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilifowadi humo sauti ya mtu anayejiita daktari, anaeleza majani ya kujifukiza na dakika za kukaa kwenye blanketi. Sikumjua, wala sikumsikiliza hadi mwisho. Shangazi yangu, aliyeishia darasa la nne, akanipigia. "Huyu daktari wako ni wa hospitali gani?" Sikuwa na jibu. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili juu yake, ukawa unapelekwa mahali pamoja tu kwa wakati. Shangazi hakuhitaji mishale.

Swali la shangazi ndilo lililohitajika kwa yule wa Kariakoo. Akaunti za namna ile zinapikwa kwa njia moja. Mtu anachukua picha za duka la kweli, anafungua akaunti yenye jina lilelile akiongeza nukta au kistari, ananunua wafuasi, anafunga sehemu ya maoni ili waliolizwa kabla yako wasiandike. Bei anaiweka chini kuliko Kariakoo yenyewe. Kisha anakukimbiza: zimebaki pisi kumi, lipia sasa, basi linaondoka saa nane. Namba ya kulipia ina jina la mtu usiyemjua, na ukiuliza unaambiwa ni ya mhasibu. Bila shaka hayo yote uliyaona, ukayapita kwa sababu bei ilikuwa tamu. Hata mimi ingenipata, mradi aje kwangu na bei tamu ya kitu ninachokitaka.

Safari ijayo, gusa jina la akaunti juu kabisa, utafute sehemu ya "Kuhusu akaunti hii". Utaona ilifunguliwa mwezi gani. Anayejiita mzoefu wa miaka kumi na akaunti yake ina miezi miwili, huyo mwache. Angalia picha ambazo wateja wengine wamemtaja, si zile alizoweka yeye. Halafu mpigie kwa video, sauti peke yake haitoshi. Mwambie akunjue dera moja mbele ya kamera, kisha atoke nalo hadi mlangoni uone kibao cha duka la jirani. Mwenye duka atacheka, atatoka. Tapeli ataanza kuzungumzia mtandao mbovu. Lipia kwenye Lipa Namba ya biashara, ambayo inakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Jina likitofautiana na la duka, usiendelee. Na oda ya kwanza isizidi pesa ambayo ukiipoteza utalala usingizi.

Kuhusu zile 180,000, mwezi umepita na sitakudanganya: uwezekano wa kuzipata ni mdogo. Hatua ya maana kwa mtu aliyetuma pesa vibaya ni ya dakika zilezile, kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wake kabla mwenzake hajafika kwa wakala. Hata hivyo chapisha skrinishoti za mazungumzo na meseji ya muamala, nenda polisi ufungue RB. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, na udanganyifu wa kutumia kompyuta umo. Namba yake itume pia kwa meseji kwenda 15040, ile iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli, akina "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kama alikuomba picha ya kitambulisho cha NIDA "kwa usajili wa mteja", piga *106# leo uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika wakaifunge.

Turudi kwenye duka, maana hapa ndipo unapoweza kurudisha usingizi bila kupoteza mteja. Nimepita kwenye maduka mengi ya Instagram ya hapa kwetu, na karibu kila picha ina maneno "bei njoo inboksi". Sijui aliyeanzisha mtindo huu alitaka nini, lakini angalia unakufanya nini. Watu thelathini wanauliza bei ya dera moja, unaingia mara thelathini kuwajibu neno lilelile, na kila ukiingia unapita kijiweni. Andika bei chini ya picha. Andika saizi, andika gharama ya kutuma kwa basi. Wasioweza hawatakusumbua, watakaokuja inboksi watakuwa na pesa mkononi.

Kisha hamishia wateja WhatsApp. Instagram ndiyo inayoamua nani aone dera lako. Leo linafika kwa watu mia tano, kesho kwa arobaini, na hakuna wa kumuuliza. Stetasi haina dalali wa namna hiyo: wewe ukiwa na namba ya mteja, na yeye akiwa amekuhifadhi kwenye simu yake, anaiona kwa saa 24. Kwa hiyo kila mzigo unaofunga, weka kikaratasi chenye namba yako na maneno "nihifadhi uone mizigo mipya". Tumia WhatsApp Business, ni ya bure, ina katalogi na ina ujumbe wa kujijibu wenyewe. Andika humo: oda zinajibiwa saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Mteja wa dera hafi akisubiri asubuhi. TikTok iondoe kwenye simu ya biashara, na arifa zote zizime isipokuwa za watu wanaokuandikia. Saa tatu usiku simu ichajiwe sebuleni. Ukiniambia unaihitaji kwa ajili ya alamu, nitakuambia saa ya mezani ya kukuamsha ni bei ya vocha chache.

Namba za wateja zinakiliwe kwenye ile kaunta buku, kwa kalamu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti hapa nchini ilikatwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba kwenye daftari alipiga simu za kawaida. Aliyekuwa na wafuasi elfu ishirini alikaa akitazama kioo.

Nimemweka binti mwisho, ingawa barua yako ingeanza na yeye ningekuelewa. Hajalegea akili, wala hadeki. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, kampuni inayomiliki pia Instagram, alitoa nyaraka za ndani za kampuni. Humo mlikuwa na utafiti wao wenyewe: katika wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, karibu theluthi walisema Instagram iliwazidishia. Walilijua hilo wakiwa ofisini kwao, kabla mama yeyote wa Tanga hajaona machozi. Australia imefika mahali pa kupiga marufuku: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Sisi hatuna sheria hiyo, na kanuni ya miaka 13 ya mitandao yenyewe inapitwa kwa kuandika mwaka wa uongo.

Usimnyang'anye simu kwa hasira. Ataazima ya rafiki yake, na siku akipata tatizo kubwa hatakuambia. Wewe una kitu ambacho wazazi wengi hawana, unajua picha zinavyotengenezwa. Siku ukipiga picha za madera, mwite awe msaidizi wako. Mwonyeshe jinsi unavyolibana dera kwa vibanio vya nguo mgongoni mwa anayelivaa, ili mbele likae kama limeshonwa juu yake. Mwache ahesabu: umepiga picha ngapi, umefuta ngapi, umesubiri jua liegemee wapi, umeongeza mwanga kiasi gani kabla ya kurusha. Kisha fungueni TikTok pamoja, mchukue wale wasichana watatu wanaomliza, mmwulize yeye, si wewe umwambie: vibanio viko wapi hapa? Nimeona zoezi la namna hii likimfanya msichana wa miaka kumi na tano acheke video ileile iliyomliza jana yake. Si kila mara linafanya kazi.

Akaunti yake iwe ya faragha, na simu yake ilale sebuleni pamoja na yako, maana ukimwekea yeye sheria na wewe ukabaki kitandani na kioo, umepoteza kesi. Jambo moja mwambie mapema, kabla halijatokea: mtu akimwomba picha ya mwili wake, au akimtishia kuisambaza aliyokwisha kuipata, aje kwako siku hiyohiyo na hatapigwa. Sema hilo la kutopigwa kwa sauti, kwa sababu ndilo linalowafunga midomo. Namba 116 ni ya bure kwa ajili ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na akianza kukataa chakula, kulala mchana kutwa, au alama zikaporomoka, hapo tumetoka kwenye mambo ya TikTok. Mpeleke hospitali ya rufaa pale Bombo, aonane na mtu wa afya ya akili.

Mumeo ukimsomea jibu hili, anza na aya ya ile nusu yake. Na lile dera la kijani, mama watoto hapa ameliona juu ya bega langu, anauliza kama lipo saizi kubwa. Bei iandike chini ya picha, usimwambie aje inboksi.